Kabla ya Kumwita Mvivu

Afikaye Ushongo, kijiji cha ufukweni kusini ya mji wa Pangani, aweza kukuta kivuli cha minazi kikiwafunika watu wa namna mbili. Mmoja ni mgeni kutoka Ulaya. Kompyuta yake iko mapajani, naye anafanya kazi ya kampuni iliyoko London au Berlin. Hajakanyaga ofisi yake kwa miezi kadha, wala hana haraka ya kuikanyaga. Wa pili ni mvuvi aliyerudi baharini alfajiri. Ameketi anashona wavu wake. Wote wawili wako kazini. Walakini mpita njia akiombwa awapime watu hao, mara nyingi atasema kwamba wa kwanza ni mtu wa maendeleo ajuaye kuutumia wakati wake, na kwamba wa pili ni mtu wa pwani, na watu wa pwani, kama isemwavyo, hawapendi kazi.

Twaanza na kivuli hicho kwa sababu dunia nzima imo katika ubishi mkubwa juu ya mahali pa kufanyia kazi, na ndani ya ubishi huo limerudi neno ambalo sisi wa mkoa wa Tanga twalijua tangu enzi za mababu zetu. Neno hilo ni uvivu.

Habari yenyewe ni hii. Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020, mamilioni ya watumishi wa ofisini katika nchi tajiri waliambiwa wafanye kazi majumbani mwao. Ugonjwa ulipopungua, waajiri wakaanza kuwaita warudi. Wengine waliita kwa upole, na wengine kwa amri. Kampuni ya Amazon ilitangaza Septemba 2024 kwamba watumishi wake wa ofisini wawe kazini siku 5 kwa wiki kuanzia Januari 2025. Na tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitoa agizo la kuwarudisha ofisini watumishi wa serikali yake. Wengi wamenung'unika. Lakini katika manung'uniko hayo kuna jambo ambalo halikutazamiwa na waajiri: wasiotaka kurudi si sawa kwa rangi zote.

Mwaka 2021 kampuni ya Slack, kwa njia ya chombo chake cha uchunguzi kiitwacho Future Forum, iliwauliza watumishi wa ofisini nchini Marekani kama wapenda kurudi ofisini siku zote za kazi. Katika kila Wazungu 100, watu 21 walikubali. Katika kila Wamarekani Weusi 100, waliokubali walikuwa 3 tu. Tofauti ya 21 na 3 si ndogo, wala haiwezi kuelezwa kwa habari ya nauli na msongamano wa magari, maana nauli na msongamano havichagui ngozi ya mtu. Lazima iko sababu nyingine iliyojificha ndani ya ofisi yenyewe.

Wako wasemao kwamba hakuna cha kujificha, na kwamba watu hao wamezoea kulala. Ndugu msomaji, kabla hatujaikubali kauli hiyo, yafaa tuvuke mto Pangani tukasimame Kikogwe, si mbali na Ushongo.

Hapo Kikogwe ndipo mkonge ulipoanza maisha yake katika nchi yetu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safarini mingi ilikufa, ikafika hai miche 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyotanda kutoka Pangani na Tanga mpaka Korogwe na mbele yake. Shamba likaenea, lakini mtu wa kulifanyia kazi hakuonekana. Wabondei, Wazigua, Wadigo na wenyeji wengineo, waliokuwa jirani kabisa na mashamba hayo, hawakutaka kuingia. Walowezi wakashangaa, kisha wakakasirika, kisha wakaandika katika taarifa zao kwamba mtu mweusi wa pwani ni mvivu wa kuzaliwa.

Je, ni kweli? Mtu huyo aliyeitwa mvivu alikuwa na shamba lake la mpunga na muhogo. Alikuwa na minazi yake, na wengine walikuwa na ngalawa na madema. Alilima, alivua, aliuza, alilisha watu wake na kuwapokea wageni. Kazi aliijua. Alichokikataa ni ile kazi ya kuamshwa kwa kengele, kupimiwa mistari ya mkonge, kutukanwa na mnyapara na, katika zama za Wajerumani, kulazwa chini apigwe hamsa wa ishirini. Mtu mwenye akili timamu aliye na shamba lake mwenyewe, kwa nini aliache aende kupigwa?

Serikali ya Kijerumani ililijua jawabu hilo, ndiyo maana haikushughulika kumbembeleza. Mwaka 1898 ikaanza kutoza kodi ya kibanda ili mtu alazimike kutafuta fedha. Mwaka 1907, huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ikaweka utaratibu wa kadi uliomlazimisha kila mwanamume kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Waingereza nao walipoishika nchi, mashamba yakaendelea na kipande: mfanyakazi hupewa kadi ya siku 30, na ujira wake hautoki mpaka siku zote 30 zimetiwa alama. Mvivu hahitaji kutungiwa sheria zote hizo. Sheria zile zilitungwa kwa sababu watu walikuwa na kazi yao wenyewe, na mkoloni alitaka kuwatoa katika kazi hiyo awatie katika yake.

Sasa turudi Marekani kwa wale 3 katika 100. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtumishi mweusi anapoingia katika ofisi iliyojaa weupe huanza kazi mbili kwa wakati mmoja: kazi aliyoandikiwa, na kazi ya kuwatuliza wenzake wasimwogope. Hulainisha sauti, hubadilisha matamshi, hulifupisha jina lake ili wasione taabu kulitamka. Mlangoni huombwa kitambulisho wakati mwenzake mweupe aliyetangulia amepita bila kuulizwa. Mkutanoni husema neno likapuuzwa, kisha mwingine akalirudia likapigiwa makofi. Hata nywele zake hujadiliwa. Msomaji asidhani twatia chumvi. Jimbo la California lililazimika mwaka 2019 kutunga sheria iitwayo CROWN Act ili kuwakataza waajiri na shule wasiwabague watu kwa ajili ya nywele zao za asili na misuko yao. Sheria haitungwi juu ya jambo lisilotendeka.

Ofisi zilipofungwa mwaka 2020, mtu huyo alipata kwa mara ya kwanza siku nzima ya kufanya kazi moja badala ya mbili. Mwaka huo huo, tarehe 25 Mei, George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Na watu weusi wakaomboleza wakiwa majumbani mwao, bila ya kulazimika kutabasamu mbele ya wenzao waliotaka wafafanuliwe kwa nini wanalia. Leo mtu huyu akiambiwa arudi, akasita, ni haki kumwita mvivu? Mwenye kovu usidhani amepoa.

Wazee wetu walioonja ofisi za ukoloni hawahitaji kufasiriwa habari hii. Katika nchi hii shule za Wazungu zilikuwa mbali, za Wahindi mbali na za Waafrika mbali, na hospitali hali kadhalika. Mshahara nao ulikuwa na rangi. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948 juu ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ilishauri kwamba asiye Mzungu afanyaye kazi ile ile ya Mzungu alipwe sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu. Karani wa Kiafrika aliyeketi katika ofisi mjini Tanga alijua kila mwisho wa mwezi kwamba serikali imempigia hesabu, ikamwona hakutimia mtu mzima. Ubaguzi huo ndio uliowatia watu uchungu, na uchungu huo ndio uliowafanya waikimbilie TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954.

Mpaka hapa twawatetea wanaosita. Lakini ukweli una upande wa pili, na gazeti la wananchi lisiposema ukweli wote litakuwa limewapendelea wasomaji wake badala ya kuwatumikia.

Wenyeji wa Pangani na Bonde walipoukataa mkonge walijiokoa wenyewe. Mkonge haukufa kwa sababu hiyo. Walowezi walikwenda kuwatafuta watu mbali: Songea, Ubena, Kigoma, hata Rwanda na Burundi. Watu hao wakaletwa kwa malori na magari moshi wakiwa wameandikiwa namba, wakaitwa manamba. Kengele ile ile, mnyapara yule yule na kipande kile kile vikawaangukia wao. Mtu mmoja mmoja akikimbia mahali pabaya huokoka yeye. Mahali pale hubaki pabaya, na asiyeweza kukimbia ndiye huachiwa mzigo.

Ndivyo ilivyo leo. Mwenye kompyuta na elimu aweza kusema, "Nitafanyia kazi nyumbani." Mfagiaji, mlinzi, mpishi, mwuguzi na dereva hawawezi kusema hivyo, na katika Marekani na Uingereza watu weusi ni wengi katika kazi hizo. Nao wenzao waliosoma wakiisha kuondoka ofisini mmoja mmoja, nani atabaki wa kusema neno pale dhuluma itokeapo? Aliye nyumbani naye ana hatari yake. Bosi husahau sura asiyoiona, na siku ya kupandisha watu vyeo hukumbuka wale waliokunywa naye chai. Hivyo mtu aweza kuukimbia ubaguzi wa mchana akakutana na ubaguzi wa mwisho wa mwaka.

Tena, kukaa mbali hakufuti rangi katika malipo. Mwaka 2009 waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, wengi tulitumaini kwamba kijana wetu ataketi hapa nyumbani, afanye kazi ya Ulaya, alipwe kama wa Ulaya. Kazi imekuja kweli. Ujira ndio uliobaki njiani. Mwaka 2023 gazeti la TIME la Marekani lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama, ili kuchambua maneno machafu na ya kutisha kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, walikuwa wakitia mkononi chini ya dola 2 kwa saa, hali mkataba wenyewe baina ya kampuni hizo ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Kijana wa Nairobi na kijana wa San Francisco huhudumia mashine moja, wasionane kamwe. Lakini hesabu ya mishahara yajua vema nani ni nani. Tume ya Holmes iliweka 3 katika 5. Hesabu hii mpya hata kufika hapo haijafika.

Ndipo tuonapo kwamba swali la nyumbani au ofisini, peke yake, ni swali dogo. Swali kubwa ni nani anayeamua, na je, anayeamuliwa anahesabiwa kuwa mtu? Yule mgeni wa Ushongo ameketi ufukweni kwa sababu pasi yake, mshahara wake na rangi yake vyamruhusu kuchagua. Hatumwonei kijicho, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunalolitaka ni kwamba heshima anayopewa yeye anapofanya kazi chini ya mnazi apewe pia mvuvi, na hiari aliyo nayo yeye isiwe mali ya rangi moja.

Hapa yatupasa tujitazame na sisi. Ni rahisi kuishutumu ofisi ya ng'ambo na kuifumbia macho hoteli iliyo jirani. Yako mahali katika pwani yetu ambapo mwananchi akipita ufukweni huulizwa anakwenda wapi, na aulizaye ni mlinzi mweusi kama yeye, hali mgeni mweupe hupita akiamkiwa. Yako mahali ambapo mtu wa kijiji ameosha vyombo miaka kumi akimfundisha kazi kila msimamizi mgeni ajaye, lakini yeye mwenyewe hajafikiriwa kuwa msimamizi. Na ziko ofisi zetu wenyewe, zisizo na Mzungu hata mmoja, ambamo mkubwa huwafokea walio chini yake mbele ya watu, na kijana asipokuwa na ndugu mkubwa hapandi cheo. Kijana wa namna hiyo akipenda kukaa nyumbani na simu yake kuliko kutafuta kazi ya ofisi, tusikimbilie kumhubiria juu ya uvivu. Tumuulize kwanza ameona nini.

Naam, wavivu wapo. Mtu akijificha nyuma ya neno ubaguzi ili alipwe bila ya kutenda, huyo ni kupe, na kupe hana rangi. Wanaoteswa kweli ndio wa kwanza kudhurika na hila yake. Lakini mwajiri mwenye haki hupima kazi iliyotendwa. Hapimi idadi ya saa ambazo mtu ameonekana kitini. Kazi ikiwa imekamilika na ni nzuri, basi tuhuma ya uvivu imekufa, na aliyeitoa ana wajibu wa kueleza kilichomsukuma.

Nini basi kifanyike? Sisi tunasema mambo matatu.

La kwanza lawahusu waajiri. Kabla ya kutoa amri ya kurudi, na waulize kwa nini watu hawarudi, na wawe tayari kusikia jawabu lisilopendeza. Ofisi iliyotengenezwa vizuri haihitaji kupiga kengele. Hata yule mwenyeji wa pwani aliyeukataa mkonge hakukataa kushirikiana. Alijenga nyumba kwa ushirika, alivuta jarife kwa ushirika, alizika kwa ushirika. Mtu huenda kwa hiari yake mahali anapoheshimiwa.

La pili lahusu sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ya ubaguzi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, taifa, kabila au mahali atokako. Maneno haya ni mazuri, lakini hayatoshi yakikaa kabatini. Maofisa wa kazi wafike kwenye hoteli za Pangani kama wafikavyo viwandani, wasome mikataba, waulize nani anafundishwa kazi za juu na nani anaachwa jikoni. Na nchi za Afrika Mashariki, ambazo vijana wake huuza kazi zao kwa njia ya intaneti, zikae pamoja zikubaliane kima cha chini cha ujira wa kazi hizo. Kila moja ikijadiliana peke yake, kampuni za ng'ambo zitahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kama walivyofanya wenye mashamba ya mkonge walipotafuta manamba.

La tatu lawahusu wafanyakazi wenyewe. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na wakata mkonge wa Mazinde wakagoma mwaka 1958, na nguvu yao ilitokana na jambo moja: walijuana. Walikaa mahali pamoja, wakazungumza, wakaaminiana. Afanyaye kazi peke yake chumbani hana jirani wa kumnong'oneza, kwa hiyo ana haja kubwa zaidi ya chama. Tena jambo hilo lawezekana. Tarehe 1 Mei, 2023, wachambuzi zaidi ya 150 wa maandishi na picha za mitandao walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Wetu wa mahoteli wanacho CHODAWU. Wakijaze, wakidai hesabu kwa viongozi wake, wakitumie. Aliye na hiari ya kufanyia kazi nyumbani asimsahau yule aliyebaki na mnyapara.

Imani iliyoanzisha harakati zetu ilisema kwamba kila mtu anastahili heshima kwa utu wake. Imani hiyo haikusema heshima hiyo ianzie saa ngapi, wala katika jengo lipi. Inamfuata mtu akiwa ofisini New York, akiwa mbele ya kompyuta Nairobi, akiwa jikoni mwa hoteli, na akiwa chini ya mnazi pale Ushongo na wavu wake mapajani. Atakaye kumrudisha mtu kazini na aanze kwa kumrudishia heshima hiyo. Kisha, akiona bado mtu huyo hatendi kazi, ndipo amwite mvivu.